Bi Nipeni Kazi, na Ugonjwa Aliotaka Utajwe

Wafiwa wenzetu na majirani, mliokaa na mliosimama: dada yetu tunayemzika leo aliacha agizo moja tu kuhusu karatasi hii. Jana agizo hilo lilitugombanisha mezani hadi chai ikapoa. Tutalifikia. Kwanza tuseme alikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na stesheni ya treni, mtoto wa pili wa mpiga pasi na mkewe. Mama alikuwa akisimulia kwamba treni ilipita mtoto akitoka, na tangu hapo hakujua kutulia. Akikalishwa, analia; akipewa kijiko ashike, ananyamaza. Alipokua kidogo alikaa chini ya meza ya baba akikunja leso za wateja. Huko ndiko alikosikia mambo ya watu. Waliosubiri nguo zao walimweleza baba mazito ya nyumbani kwao, kwa sababu baba alikuwa ameinamia kola na hakuwatazama usoni. Siku hizi nguo zinapelekwa kwenye mashine, mtu anasubiri huku amekodolea simu, na mazito yake anarudi nayo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1966 hadi 1972. Karo ilitosha mtoto mmoja. Kaka yake aliishia darasa la nne, akamalizia masomo kwenye magazeti ya kufungia vitunguu, na hakuna aliyejuta. Marehemu aliendelea na sekondari hadi 1976, kisha akasomea stashahada ya ustawi wa jamii, akahitimu Novemba 1979.

Tarehe 1 Februari 1980 aliajiriwa katika ofisi ya ustawi wa jamii, upande wa afya ya akili. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea waliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili, na wale ambao hawakufikishwa hospitali kabisa kwa sababu ndugu zao waliona aibu. Alitembea kwa miguu. Akifika, anawekewa kiti cha mgeni na soda. Soda anakunywa, kiti anakikataa. "Nipeni kazi," anasema. Anapewa maharage achambue, au nguo za kukunja, au anashika ngazi mtu akipaka chokaa. Hakuuliza swali. Alisema mtu akikaliwa mbele na kutazamwa anakuwa mshitakiwa, lakini akiwa na mwenzake na sinia la maharage katikati, mdomo hufunguka wenyewe. Watoto wa mitaa ile walimwita Bi Nipeni Kazi, na jina likamganda.

Kuna fundi seremala mmoja, mnamwona pale mbele, na ameturuhusu tuseme. Mwaka 1987 kaka zake walimfungia stoo ya mbao kwa sababu alikuwa akisikia sauti, na alikuwa ameacha kabisa kusema na watu. Marehemu alikwenda kwa majuma mengi, akakaa mlangoni mwa stoo akipiga msasa mguu wa kigoda. Siku moja sauti ikatoka ndani.

"Unaharibu. Unakwenda kinyume na nyuzi za mti."

"Basi njoo unionyeshe."

"Mlango una kufuli."

"Kaka zako wamesikia," alisema marehemu. "Sasa si wewe tu unayejua kwamba una kufuli."

Kufuli lilifunguliwa siku ile. Watu walimsifu kwa ujanja wake, naye akashikilia hadi mwisho kwamba haukuwa ujanja. Alikuwa hajui kupiga msasa.

Kazi hiyo humwingia mtu mwilini, na wakubwa wa zamani walilijua hilo. Kila Ijumaa mchana maofisa waliunganisha meza, birika likapita, na msimamizi, mama mmoja wa maneno machache, akamgeukia kila mmoja: "Umebeba nini?" Aliyetoka nyumba nzito alilia pale pale, akarudi kwake mwepesi. Mwaka 2014 kikao hicho kilifutwa. Zikaja simu zenye programu. Mgonjwa mwenye ukoo wake, utani wake na kikohozi chake akageuzwa rangi: nyekundu, njano au kijani. Maofisa walikuwa wachache na mitaa mingi, wakaambiwa wapige simu badala ya kwenda. Marehemu alimwambia bosi wake kijana, "Mwanangu, simu haichambui maharage." Kijana alicheka, akadhani ni methali.

Aliendelea kutembea kwa viatu vyake mwenyewe, na alichokibeba sasa alikipeleka nyumbani. Alistaafu Mei 2018. Walimpa saa ya ukutani. Mtu asiyejua kutulia akapewa kitu cha kutazama akiwa amekaa.

Turudi nyuma kidogo, maana ndoa tumeiruka. Alikutana na mumewe, fundi redio, alipompelekea redio ya ofisi. Alipoambiwa asubiri, aliomba kazi.

"Nikupe kazi gani, nawe ni mteja?"

"Yoyote. Siwezi kungoja mikono mitupu."

Akapewa kopo la skrubu azitenganishe. Shemeji yetu alikiri baadaye kwamba redio ilipona mapema, ila skrubu alizichanganya upya mara mbili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1982, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana, karani wa bima. Mzee alitangulia mwaka 2016 kwa maradhi ya figo.

Marehemu alianza kuugua mwishoni mwa 2022. Aliacha kupika, kisha akaacha kubishana, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Alitembea kutoka sebuleni hadi getini, akarudi, akaenda tena, hadi zulia likachakaa njia moja. Usiku hakulala. Sisi tuliompenda tukafanya kosa ambalo ukoo mwingine ungesamehewa, maana ukoo mwingine haukulelewa naye. Tulimwambia apumzike. "Pumzika, mama, umefanya kazi vya kutosha." Akatafutwa msichana wa kazi. Akishika sinia, linapokonywa kwa heshima. Akishika fagio, tunamwonea huruma kana kwamba kashika moto. Wa mbali walipiga simu: "Uko salama?" Akajibu, "Salama." Mtandao ulikuwa mzuri. Vidonge vyake vya shinikizo la damu vilikaa kwenye droo bila kufunguliwa. Nyumba nzima ilikuwa imemsikia maisha yake yote akieleza namna ya kumwendea mtu wa hali hiyo, na nyumba nzima ikamkalisha kwenye kiti cha mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Aliyekumbuka alikuwa seremala. Alikuja Agosti 2023 amebeba kigoda begani, akakaa sakafuni.

"Dada, kigoda hiki kimenishinda."

"Fundi mzima na mvi zako ushindwe na kigoda?"

"Kimenishinda. Shika msasa, piga mguu huo."

Akapiga. Seremala akamtazama kidogo. "Unaharibu," akamwambia.

Marehemu alicheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau, na katikati ya kicheko akalia. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mti: "Fundi, ugonjwa huu nimeuona kwenye nyumba za watu tangu ujana wangu. Hii ni sonona. Usiwaache wanangu wauite uchovu."

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja. Alipewa dawa, na mshauri wa kuzungumza naye. Pole pole alirudi: chumvi ikarudi kwenye chakula, na ubishi ukarudi mezani. Alipopata nguvu ndipo alipotoa agizo lake. "Siku mkinisomea, msiseme aliugua kwa muda mfupi. Nimezika wengi walioandikiwa hivyo. Mwenye ugonjwa ule ule amesimama pale pale kaburini, anasikia kwamba hautajwi, anarudi kwake kunyamaza."

Miezi ile bila vidonge ilikuwa imekwisha kumdhuru. Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa anakunja nguo, alipatwa na kiharusi. Alifariki hospitalini jioni ile, binti yake akiwa amemshika mkono.

Jana tulikaa kuandika. Mwanawe wa mwisho alikuwa wa kwanza kusema.

"Mjomba, andika kiharusi. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, nusu."

"Basi nusu inatosha. Wakwe zangu watakuwepo. Nina binti anayekua. Kesho watasema ukoo wetu una wazimu."

Dada yake akamjibu, "Mama aliingia nyumba ngapi kuwaambia watu wasiseme hivyo?"

"Zilikuwa nyumba za watu."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Seremala alikuwa uani akimalizia jeneza. Akachungulia mlangoni, akasema kifuniko ni kizito, anaomba mtu mmoja wa kushika na kupiga msasa. Akamtazama mwana. Mwana alitoka. Alikaa huko muda mrefu, na waliyozungumza ni yao. Aliporudi mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao, naye alikuwa na macho mekundu ambayo, tukisema kweli, tumeyaona mekundu tangu kabla ya msiba. Aliuliza kliniki ile inafunguliwa siku gani. Kisha akavuta kompyuta yake, akaandika mwenyewe sentensi tunayoisoma sasa, na haya mengine yameandikwa kwa idhini yake:

"Mama yetu aliugua sonona. Alitibiwa, akapata nafuu. Alifariki kwa kiharusi. Haikuwa aibu yake, na si aibu yangu."

Ameacha binti na mkwewe, mwana na mkewe, wajukuu wanne, kaka mmoja mzee asiyependa mambo ya siku hizi, na fundi seremala, ambaye kuanzia leo ni wa ukoo huu kwa hati hii. Ameacha pia nyumba nyingi ambazo hakuna anayeingia tena kwa miguu. Mwenye miguu ajue.

Desturi inataka tumalizie kwa kumwambia apumzike. Tulimwambia hivyo akiwa hai, tukamwumiza. Mwenyezi Mungu ampokee kwa amani, na akifika, asimkalishe bure. Ampe kazi.