Mheshimiwa Teresia na Ijumaa ya Magari Kulala

Wazee wangu shikamooni, Mchungaji, waheshimiwa wabunge mliotoka mbali, majirani wa Nyanungu na wa Nyangoto, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Kenya, poleni na safari na poleni na msiba. Naitwa Philomena, mke wa marehemu. Waheshimiwa msitazamane, nitawaeleza tukifika penye ndoa. Kikao cha ukoo chini ya Mzee Mniko, mdogo wake marehemu, ndicho kilichonichagua nisome, kwa sababu wageni hupenda kumwona mfiwa akilia, nami niliambiwa nisome kama ilivyoandikwa na nilie penye ugonjwa. Nitasoma yote, ila penye watoto kikao kimeandika wawili, nami nimezaa watatu, na Mzee Mniko ameniambia jana, mbele ya mashahidi, kwamba nikimtaja huyo mmoja aliyeachwa nitaondoka mji huu na nguo nilizovaa, na Vivian wangu wa miaka kumi na mmoja atabaki kwao waliotoa ng'ombe wa mahari yangu. Haya, tuanze.

KUZALIWA. Marehemu Mheshimiwa Teresia Waisiko alizaliwa tarehe 2 Mei 1958 hapa hapa Nyanungu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Waisiko, mfugaji na mkulima wa mtama, na akabatizwa mwaka 1966, na tangu utotoni, ndivyo ilivyoandikwa hapa, alikuwa mpole na mwenye huruma. Nimeisoma kwa sababu imeandikwa.

ELIMU. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafaulu, lakini baba yake akasema msichana anasomeshwa kwa faida ya nyumba ya watu, kwa hiyo akarudi kuchunga ndama, na uchungu huo hakuusahau, kwani kila aliyewahi kubishana naye alikumbushwa kwamba yeye angekuwa daktari. Sisi tuliolala chini ya paa lake tunamshukuru Mungu kwamba hakuwa.

KAZI. Mwaka 1985, dhahabu ya Nyangoto ilipowatoa watu mashambani hata mahindi yakakosa wa kuyavuna, marehemu alihamia huko na mumewe, akianza kwa kuwauzia wachimbaji ugali na dagaa, kisha akawakopesha ugali na kulipwa kwa mawe, kisha akanunua mashimo ya wale waliokula wakashindwa kulipa. Alikuwa na akili, tusimnyime haki yake. Miti ya milima yetu ilikatwa ikawa magogo ya kuegemezea mashimo yake, malori yake manne yalibeba mawe usiku na mchana yakitoa moshi mweusi kama tanuri la mkaa, na mgodi mkubwa ulipokuja na kuzungusha uzio wake, wenzake wakilia kwamba wamenyang'anywa ardhi, yeye alishauza mapema na kurudi Nyanungu kujenga nyumba hii ya bati jekundu mnayoiona. Mwaka 2010 akaingia bungeni kwa viti maalumu, na huko, jamani, akageuka kuwa mama wa mazingira.

NDOA. Mwaka 1976 alifunga ndoa na marehemu Machage, aliyefukiwa na shimo huko Nyangoto mwaka 1994, na hawakujaliwa mtoto. Sasa waheshimiwa nisikilizeni, huku kwetu mama asiye na mtoto wa kiume anaruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa msichana, ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu, na watoto atakaowazaa msichana yule ni watoto wa huyo mama, wanabeba jina la mji wake na wanarithi kwake. Mimi nilitolewa kwetu Susuni mwezi Julai mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa ng'ombe kumi na wanne, na baba yangu alifurahi mno, hakuuliza hata nitalala wapi. Marehemu alinichagulia hata wanaume wa kunizalisha. Sikupigwa kila siku, naomba liandikwe hilo pia.

WATOTO. Marehemu alijaliwa watoto watatu. Mzee Mniko, kaa chini, kipaza sauti ninacho mimi, na hawa wageni hawajaja kutazama tukivutana. Wa kwanza ni Tabitha, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 2000. Wa pili ni Wangwe, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 2003, mtoto wa kiume, wa pekee katika mji huu, yule ambaye ng'ombe wote wale walitolewa kwa ajili yake. Wa tatu ni Vivian, aliyezaliwa mwaka 2008. Siku Wangwe alipozaliwa marehemu alichinja fahali, akacheza mwenyewe uwanjani hapa akiwa na kanga mabegani, na ukweli lazima usemwe, alimpenda mtoto yule, aliyekuwa akimwita mama mkubwa, alimnunulia baiskeli kabla hata miguu yake haijafika kwenye pedali. Basi mseme nyinyi mtu wa namna hiyo anafutwaje kwenye historia.

Nitawaambia. Siku ya Jumanne tarehe 6 Novemba 2012, Bunge likijadili hoja ya mabadiliko ya tabianchi na usafiri wa miji, marehemu alisimama akachangia vizuri sana, sisi huku tukimsikiliza redioni, akataka mabasi ya umeme, akataka njia za baiskeli, akataka siku moja kila wiki magari ya watu binafsi yasiingie katikati ya miji, akasema hewa haina kabila wala jimbo. Hapo mbunge mmoja akaomba kutoa taarifa, akamuuliza kama malori ya mawe ya kule Nyangoto yalikuwa yakitoa marashi, na Bunge zima likacheka. Marehemu hakuweza kuvumilia kuchekwa. Akajibu pale pale kwamba Ijumaa ile hakuna gari lake hata moja litakalowashwa, si Dodoma, si nyumbani Nyanungu, na mwandishi yeyote anayebisha aende akajionee, na wenzake wakapiga meza hadi redio yetu ikakoroma. Huyo ndiye mama wa mazingira, siku bila gari akaileta mahali ambapo barabara yenyewe ni ya ng'ombe!

Waandishi wawili waliletwa Alhamisi na Landkruza ya marehemu, wakalala hapa, wakala mbuzi, na Ijumaa asubuhi wakapiga picha Landkruza na pikapu zikiwa zimelazwa uwanjani, zimefungwa kitambaa cha kijani, funguo akiwa nazo mlinzi wetu Mogesi, ambaye marehemu alimwapisha kwa simu kwamba hataziwasha. Kisha Mzee Mniko akawachukua waandishi kuwaonyesha miche ya miti kule mlimani. Saa nne Wangwe akaumwa na nyoka, kifutu, mguuni, hapo nyuma ya zizi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mto ulioko kati yetu na barabara ya kwenda hospitali ulikuwa umejaa, pikipiki haikuweza kuvuka, mtu kwa miguu hakuweza kuvuka, Landkruza iliweza, ilikuwa ikivuka kila masika. Nikampigia marehemu, akatoka ukumbini kule Dodoma akapokea, akalia, nilimsikia akilia, kisha akauliza waandishi wako wapi. Nikamwambia wako kwenye miche. Akasema wakirudi wasikute gari halipo, tumfunge mguu kwa kitambaa, tungoje waandishi wamalize kazi yao, halafu Mogesi atoe gari. Nikamwambia mguu umevimba hadi pajani. Akasema, Philomena, nchi nzima inanitazama.

Nikambeba Wangwe mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu yake ikinigonga magotini, nikaenda mtoni kungoja maji yapungue. Aliniuliza kama mama mkubwa anakuja. Nilimwambia anakuja. Mchana ulipopita Mogesi akashindwa kuvumilia, akararua kile kitambaa, akawasha gari akatufuata, na alipofika ukingoni nilikuwa nimeshamlaza Wangwe kwenye majani na kumfunika uso kwa kanga yangu. Waandishi waliporudi na kuuliza gari liko wapi, Mzee Mniko aliwajibu kwamba limepelekwa mtoni kuoshwa. Ndiyo, Mzee Mniko, wewe, usitazame viatu. Jioni ile ile Mogesi alifukuzwa kazi kwa kosa la kuwasha gari siku ya Ijumaa, na mtoto akazikwa kesho yake bila tangazo, bila kengele, bila mtu kusoma lolote.

Wala hayakuishia hapo. Tarehe 5 Februari 2013 hoja ile ilirudi bungeni, na marehemu akasimama akasema, kwa sauti ya kilio, kwamba yeye ni mama aliyempoteza mwanawe wa pekee kwa ugonjwa wa mapafu, mtoto aliyesoma Mwanza na kuuawa na moshi wa magari ya mjini. Bunge likasimama dakika moja kumkumbuka. Hoja ikapita. Wangwe hajawahi kufika Mwanza, waheshimiwa, hajawahi kuona taa za barabarani, mji mkubwa aliowahi kuuona ni Sirari, pale mpakani, siku ya mnada, na mapafu yake yalikuwa mazima, alikuwa akipiga filimbi kuita mbuzi hadi ng'ambo wanasikia. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni na redio mapajani. Nilimchukia siku ile, na leo nikiwa nimesimama mbele ya jeneza lake bado namchukia.

Ndiyo maana Wangwe hatajwi, kwani akitajwa hapa nyumbani, waliomjua watasema hakusoma Mwanza wala hakuuawa na moshi. Mzee Mniko anautaka ubunge mwakani, na mtaji wake ni jina la dada yake na mtoto wake wa moshi.

UGONJWA NA KIFO. Hapa ndipo ninapotakiwa kulia. Tarehe 20 Machi 2016, siku ya Jumapili, marehemu alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja na kupoteza kauli, ila masikio na akili vilibaki salama, madaktari walithibitisha hilo, na wale waliokuwa wakimwita mama wakapungua, wakabaki wa kupiga simu, kisha simu nazo zikakoma. Nilimwosha mimi, nilimlisha mimi, nilimgeuza kitandani asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Na kila jioni, nikishamlisha uji, nilivuta kigoda nikamsimulia Ijumaa ile tangu asubuhi hadi mtoni, sikuruka neno, machozi yakimtoka namfuta, na kesho yake naanza upya. Miaka mitatu na zaidi. Mchungaji ananitikisia kichwa, naona, lakini mimi sikuja hapa kutubu, nimekuja kusoma historia. Marehemu alifariki dunia tarehe 11 Agosti 2019, alfajiri, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine.

SHUKRANI. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo, majirani mlioleta kuni, maji na unga, vijana mliochimba kaburi, na Mogesi aliyetembea tangu jana ili awepo, japo mji huu haukumtendea wema. Kwa namna ya pekee nawashukuru waheshimiwa wabunge, maana mlidanganywa, lakini ninyi ndio watu pekee duniani waliowahi kusimama kwa ajili ya mwanangu, na dakika ile nimeitunza.

Mzee Mniko, nimemaliza, nguo ndizo hizi nilizovaa. Vivian ameshavuka mpaka tangu alfajiri na mama yangu mdogo, kwa hiyo ng'ombe wako wa mahari watafute pengine.

Wangwe mwanangu, uliyekufa kwa sumu ya nyoka na kwa kiburi cha mtu mzima, umesomwa leo mbele za watu, sasa pumzika kwa amani. Na huyu tumzike, jua linakwenda.