Pale Alipomwachia Mama Yake

Sikilizeni wanangu, jongeeni, pumzi imenipungukia na siwezi kupaza sauti. Kalume, zima hiyo simu. Sanga, mwite mama yako aketi hapa mlangoni. Najua hataki kusikia habari za muziki, ila leo atanivumilia.

Nyumba hii ya Barani ni ya Kahaso, mama yenu, asiiguse mtu. Shamba la Vitengeni limeni pamoja. Kinanda na kompyuta chukua wewe, Kalume, lakini albamu si ya mtu mmoja, maana tuliitengeneza mimi na marehemu dada yenu Mbeyu chumba hiki hiki, madirisha tumeyaziba kwa magodoro, jasho linatutiririka, mimi natikisa kayamba, yeye anaikata sauti yake vipande vipande kwenye kompyuta na kuipanga juu ya ngoma za umeme, mpaka majirani wakasema humu kwangu, kwa Nzai, kumeingia mashetani. Wacha waseme! Huku kwetu hakuna aliyewahi kusikia muziki wa namna ile, na mwanangu alicheka, lo, alivyocheka!

Wimbo wa mwisho aliuanzisha peke yake. Akaimba mstari, akanyamaza, akaimba mwingine, akanyamaza, kama wafanyavyo mama zetu hangani, kwenye matanga, mmoja anatoa na wengine wanaitikia. "Baba, hapa pa kuitikia nimemwachia mama," akaniambia, "Jumapili namleta." Jumapili hiyo tulikuwa tunamzika, na mama yenu hajaimba tena, hata kanisani.

Sasa wewe Kalume waniambia pale pana mapengo, eti kompyuta za siku hizi zaweza kuiga sauti ya dada yako zikayajaza. Usithubutu! Mbeyu ajiitikie mwenyewe? Albamu niliitoa na kimya kile ndani yake, watu wakadhani nimekosea, nikawaacha wadhani. Nimeishi na moyo uliovunjika, wanangu, wala siwafichi.

Hebu... maji kidogo. Ahsante.

Nizikeni Vitengeni, ubavuni mwake. Disko la matanga sitaki. Hangani pigeni wimbo ule mmoja tu, na Mbeyu akinyamaza, nanyi nyamazeni, msimsaidie mama yenu hata akikawia.

Mungu awalinde... awape watoto wawazike ninyi, msije mkawazika wao.

La, sitangoja hanga. Washa sasa, Kalume. Taratibu... Huyo, mwanangu huyo.

Amenyamaza. Kahaso... mke wangu... mwitikie mtoto.