Mwisho wa Uongo wa Gustave Kalenga

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Gustave Kalenga, mwandishi wa hadithi fupi. Gustave Kalenga wa Mantapala alifariki Jumanne iliyopita, katika kituo cha afya cha Kafutuma, akiwa na miaka hamsini na nane. Alikuwa baba wa Keren. Alikuwa fundi wa hadithi. Na hakuwa mutu wa kuamini watu.

Sababu ilikuwepo. Zamani, kule Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, Gustave alikuwa mwalimu. Alimwazima rafiki yake Antoine daftari lenye hadithi tisa. Mwaka haukuisha, akasikia hadithi yake mwenyewe ikisomwa redioni. Jina lililotajwa lilikuwa la Antoine.

"Tangu siku ile," anasema bintiye Keren, "papa hakuazima mutu hata karatasi."

Vita vilimvusha hadi Zambia. Hapo Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, alilima mihogo, akaandika. Madaftari aliyaficha ndani ya gunia la unga. Vitabu alikuwa navyo vitatu tu, amevifunga kwa plastiki. Ukitaka kusoma kimoja, ulikaa mbele yake ukasoma, naye akikutazama mikono.

Muziki ndio uliomlegeza kidogo. Aliandika huku rumba ikilia polepole. Alisema hadithi inaanza kama wimbo: unaimba taratibu, watu wanakaa, halafu magitaa yanashika sebene, mwendo unakaza, na hakuna anayeweza kukaa tena. "Hadithi bila sebene ni mahubiri," alimwambia Keren.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, anaingia Thelma Mwape. Ba Thelma, kama anavyoitwa kwa heshima, ana kibanda chake karibu na soko la Kashikishi. Anachapa barua za watu kwa kompyuta. Miaka miwili iliyopita Gustave alimpelekea achape barua ya kuomba shamba kubwa zaidi. Nyuma ya karatasi kulikuwa na nusu ya hadithi. Thelma akaisoma. Akauliza nusu nyingine iko wapi. Akasema kuna jarida huko Lubumbashi linapokea hadithi za Kiswahili. Yeye atachapa na kutuma, bila malipo.

Gustave alikataa. Akakataa tena. Bila malipo, kwa nini? Usiku huo alimwambia Keren, "Mutu asiyeomba kitu, ameisha kujilipa."

Mwishowe alikubali, lakini alitega mtego. Hadithi ilikuwa ya dada aliyeuza gitaa la kaka yake marehemu. Katika daftari, dada analinunua tena. Kwa Thelma, Gustave alibuni mwisho mwingine: dada anakuta gitaa likipigwa kanisani, anakaa benchi la nyuma, anasikiliza, hasemi neno. Mwisho huo hakuna mwingine aliyeujua. Hadithi ikitokea popote kwa jina geni ikiwa na mwisho huo, mwizi ni Thelma.

Siku ya kuchapa alikaa naye kibandani tangu asubuhi. Aliomba kioo cha kompyuta kigeuzwe upande wake. Aliuliza yule kijana aliyeingia kutoa fotokopi ni nani, na anatafuta nini.

Miezi minne ikapita bila jibu. Gustave hakushangaa. Kisha dereva wa lori akaleta kibandani bahasha kutoka Lubumbashi. Thelma hakuifungua, alimpelekea Gustave mwenyewe, hadi Mantapala. Gustave aliichana, akatoa jarida, akatafuta jina la mwizi. Akakuta: Gustave Kalenga.

Alilisoma jina hilo tena. Halafu akamweleza Thelma yote. Antoine. Mtego. Akamsomea mwisho wa kweli ulio kwenye daftari, akamwomba amwandikie mhariri asahihishe.

Thelma alifikiri. "Awe, hapana, tata," akasema. "Uache vile. Ule mwingine nililia nikiuchapa."

Gustave hakujua. Siku ile ya kuchapa alichunga kioo kutwa nzima. Uso wa Thelma hakuutazama.

Siku mbili hakuandika. Siku ya tatu alibeba lile gunia la madaftari hadi Kashikishi.

Msifikiri aligeuka malaika. Hata kitandani Kafutuma, pumzi zikimpungukia, alimwuliza Keren kama ba Thelma hufunga kibanda kwa kufuli mbili. Keren akajibu ndiyo. "Na madaftari?" Yako ndani ya sanduku la chuma, papa. Mzee akafumba macho. Keren alidhani amelala.

"Muambie ayatoe," akasema. "Batu basome."

Hayo, Keren anasema, ndiyo maneno ya mwisho aliyomsikia akisema.

Gustave Kalenga amezikwa Mantapala. Kwako Keren, na kwa jamaa wote waliobaki ng'ambo ya ziwa, pokeeni pole zetu. Mungu awafute machozi. Ba Thelma, mukwai, pole nawe pia. Tumeambiwa jana ulikuwa ukichapa hadithi ya nne.

Nasi tuliobaki, tujiulize: ni nani tunayemchunga mikono kila siku, na uso wake hatujautazama bado?