Nilisaini Mahudhurio, Wakasema Nimekubali

Wazee wangu, shikamooni. Wafuga nyuki wenzangu, mwangaluka. Mwenyekiti kanipa dakika chache, na mdomo wangu mnaujua, kwa hiyo akinivuta kitenge nitakaa.

Mwaka juzi kijijini kwetu, huku Sikonge, tuliitwa mkutano. Mnajua utaratibu: kabla ya lolote karatasi inapita, unaandika jina na sahihi. Nikasaini. Tukazungumzia kisima, tukatawanyika. Wiki tatu baadaye tukaambiwa msitu tunamotundika mizinga kapewa mgeni, na wanakijiji tumeridhia. Tumeridhia lini? Mtendaji wa kijiji akaleta muhtasari, na nyuma yake imebanwa ileile karatasi ya mahudhurio. Jina langu la nne.

Nikasimama mbele ya watu. "Mtendaji, mimi nilisaini kwamba nimefika. Nani kaandika kwamba nimekubali?"

Ni hayo tu, ndugu zangu. Kesho yake asubuhi pikipiki mbili za polisi zikasimama mlangoni. Uchochezi, wakasema. Nikakaa mahabusu siku tatu.

"Mama, una watoto. Siasa unaitakia nini?"

"Siyo siasa, afande. Ni mizinga."

Wakaniachia baada ya mimi kuandika kwamba sitasema tena mkutanoni. Nawaambia ukweli, niliandika upesi, hata kalamu sikuomba mara mbili.

Basi nikawa bubu. Kanisani sikutoa tangazo. Mume wangu akiniuliza kama chumvi imetosha, namjibu sijui. Pikipiki ikinguruma, natokea mlango wa nyuma. Nilijichukia, jamani, na watu wakanisalimia huku wanatembea.

Mwaka huu tukaitwa tena. Karatasi ikapita. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja jirani, hajui kusoma, husaini kwa dole gumba. Akaishika karatasi, wala hakuupeleka mkono kwenye wino.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hapa juu pameandikwa nini?"

Mkutano wote ukanigeukia.

"Hapajaandikwa kitu, bibi."

"Kwa hiyo wataandika wao, sisi tukishaondoka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi andika wewe, sasa hivi."

Nikaivuta kalamu. Nikaandika: *Tumehudhuria tu. Hatujaamua kitu.* Nikasoma kwa sauti. Mtendaji akaniambia nikae chini. Bibi akachovya dole gumba, akalibandika chini ya maneno yangu. Akafuata mzee mmoja, kisha akina mama wa kwaya, kisha hata wale waliokuwa wananikwepa. Nililia pale pale, kamasi na yote.

Namshukuru bibi yule. Nawashukuru walioniletea uji mahabusu bila kuogopa kuandikwa majina, na mume wangu aliyesonga ugali wa mabonge siku zote tatu, watoto wakala.

Lakini nisiwadanganye. Msitu haujarudi. Usingizi wangu bado wa mang'amung'amu. Nilidhani uoga utaisha ndipo niseme. Hauishi, unasema nao hivyo hivyo. Na mtu mmoja akisema peke yake, polisi ni wepesi kumbeba. Kijiji kizima hakipandi pikipiki mbili.

Jumatatu nimeitwa ofisini kwa mtendaji nikajieleze kuhusu yale maandishi. Nitakwenda. Atakayenisindikiza asije kuninong'oneza tukishafunga kikao. Asimame sasa, mbele ya wote, nimwone.