Mama Mawingu, Mpima Mvua Aliyeogopa Radi

Dada yetu mpendwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu mwashi na mama yetu mshonaji. Alizaliwa nyumbani, mvua ikimwagika kama imefunguliwa bomba, na mkunga alifika amechelewa, matope hadi magotini. Sisi wadogo zake tulimwita Dada Mkubwa, na hata kaka aliyemtangulia kuzaliwa alimwita hivyo hivyo. Kazini walimbatiza Mama Mawingu, na jina hilo ndilo lililomganda.

Alipokuwa na miaka saba, radi ilipiga paa la jirani familia ikiwa mezani, mchana kweupe. Hakuna aliyepoteza maisha, ila marehemu aliuona ukuta ukifuka moshi, na kitu kikamwingia ambacho hakikumtoka tena. Tangu siku ile, wingu likitanda tu, yeye yuko uvunguni. Usiku mmoja wa mvua baba aliinama kumchungulia.

"Toka huko, mwanangu. Radi ina kazi nyingi, haina nafasi ya kukutafuta chini ya kitanda."

"Na ikipata nafasi?"

Baba akalala chali, akajisukuma na yeye uvunguni, mtu mzima na saruji yake kwenye nywele, wakakaa huko wawili mpaka kukapambazuka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza sekondari mwaka 1979, maana alirudi nyuma mwaka mmoja kwa ajili ya homa ya matumbo. Mwalimu wake wa jiografia ndiye aliyemweleza radi inatokana na nini. Alirudi nyumbani mbio kumwambia mama, na mama, pini zikiwa mdomoni, akamuuliza kama sasa ameacha kuiogopa.

"Hapana, mama. Sasa naiogopa nikiwa najua."

Alisomea hali ya hewa chuoni kwa miaka miwili, na mwaka 1982 akapangiwa uwanja wa ndege, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2019. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chini ya mnara wa kuongozea ndege, na dirisha lake pana lilitazama njia ya kurukia. Kila saa alitoka nje: anatazama mawingu na urefu wake, upepo unakotoka, jicho linafika wapi, na njia ikoje, kavu, imelowa, au imetuamisha maji. Aliyoyaona yalipanda mnarani, na kutoka mnarani yakaenda masikioni mwa rubani aliyeko juu ya wingu asiyeona chini.

Watu walidhani amezoea. Hakuzoea. Siku za dhoruba chai yake ilipoa mezani mpaka ikafanya utando, na hakutia kitu mdomoni hadi ndege ya mwisho iguse ardhi. Mdogo wake alipomuuliza kwa nini hatafuti kazi nyingine, alisema, "Yule rubani anaazima macho yangu. Nikisema njia kavu, anawashusha watu wote wale juu ya neno langu. Wewe ungelala?"

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na dereva wa gari la zimamoto wa uwanja huohuo. Shemeji yetu alimposa kwa njia ya ajabu. Kiangazi kizima, jua likipasua vichwa, kila siku aligonga mlango wa ofisi kuuliza, "Samahani dada, leo itanyesha?" Mwishowe marehemu akamjibu, "Kaka, huko nje hakuna hata wingu la kufutia machozi. Sema unachotaka." Akasema. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Lakini ndoa hiyo ilimwongezea hofu mpya. Akitoa taarifa mbaya, magari ya zimamoto hutoka na kusogea kwenye njia kungojea. Neno lake mwenyewe ndilo lililomtoa mumewe nje.

Familia imeona isimulie siku ya tarehe 17 Novemba 1998, kwa kuwa wengi mmeisikia vipande vipande.

Mchana ule dhoruba ilitua juu ya uwanja na kugoma kuondoka. Ndege ya abiria ilikuwa imejaribu kutua katika mji wa jirani, ikakuta kumefungwa, ikageuza kuja kwetu. Mnara ulitaka kujua hali ya njia. Kutoka dirishani haikuonekana njia wala nyasi, ukuta wa maji tu. Marehemu alichukua rula, akavaa koti, akamwambia mkaguzi wa njia, mzee aliyekuwa akiendesha pikapu ya ukaguzi, "Twende."

"Radi zinapiga, Mama Mawingu. Tuseme imelowa, yatosha."

"Imelowa kiasi gani? Wapi?"

Mzee yule, ambaye leo yupo nasi, anasema marehemu alishindwa kufungua mlango wa gari, ikabidi amfungulie yeye. Walipofika nje, tambarare tupu, hakuna kirefu kuliko wao, alimwambia, "Usizime gari. Nikianguka, usinifuate kwanza. Kwanza sema kwenye redio nilichokuwa nimeona." Kisha akashuka.

Akapima mwanzo wa njia, maji kidogo. Katikati, kidogo. Walipokaribia ncha ya magharibi, kwenye mtaro mkubwa, rula ikazama. Pale hasa ndege zinapomalizia breki, maji yalikuwa yametanda kama bwawa. Radi ikapiga taa ya pembeni mwa njia, mwanga na mlio kwa pamoja. Marehemu alikaa chini majini. Mzee alidhani amekwisha. Kumbe alikuwa anatazama mfuko wa upepo, ule wa mlingotini unaoonyesha upepo unakoelekea, na mfuko ulikuwa umegeuka. Upepo sasa ungeisukuma ndege kwa nyuma.

Alitambaa mpaka kwenye gari na kusema yote kwenye redio, mpaka la mwisho: maji yamejaa ncha ya magharibi, upepo umegeuka, mwanzo wa njia una nafuu. Mwongoza ndege akamfikishia rubani. Kisha mnara ukajibu kwamba rubani amesikia, mafuta hayamruhusu kwenda kwingine, na dhoruba imeziba upande wa pili. Anakuja.

Mkuu wa zimamoto akaingia kwenye redio. "Mama Mawingu, ikiteleza itaishia wapi?"

Alijua gari litakalotumwa kwenye mtaro linaendeshwa na nani.

Mzee anasema alikibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena. Ndipo akasema, "Magharibi. Wapelekeni magharibi, lakini wakae pembeni, wasikae mbele."

Pikapu ikajiondoa njiani. Wakaziona taa zikitoka ndani ya mvua, chini mno, zikiyumba. Rubani aliishusha mwanzo kabisa wa njia, pale palipokuwa na nafuu, magurudumu yakashika, akaanza kupunguza mwendo. Kisha akaingia kwenye bwawa. Maji yakaruka pande zote mbili, ndege ikawa haionekani, na marehemu akaanza kuita jina la mumewe bila kujua kwamba anaita. Ndege iliuvuka mwisho wa njia, ikapiga pua kwenye ukingo wa mtaro, ikasimama. Injini moja ikatoa moshi, kisha moto.

Shemeji alikuwa pembeni, mahali alipoelekezwa. Alifika kabla mlango wa kwanza haujafunguliwa. Abiria waliteremka kwa mipira ya kutelezea iliyojaa upepo milangoni, wengine bila viatu, mama mmoja akiwa amemkumbatia mtoto wa mtu mwingine. Wote walitoka hai. Shemeji aliungua bega la kushoto na mkono, akalazwa karibu mwezi mzima.

Hospitalini marehemu alisimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. "Mimi ndiye niliyesema magharibi," alimwambia.

"Ungesema mashariki tungefika kuzima majivu," shemeji akamjibu. "Ingia, mke wangu. Uji umepoa na mimi nina mkono mmoja."

Rubani alikuja kumwona baadaye. Walikaa ofisini muda mrefu. Alimwambia, "Niliposikia umesema mwanzo una nafuu, nilipata pa kulenga." Marehemu alimuuliza kama aliogopa. Rubani akasema miguu yake ilikuwa inagonga pedali. Mkaguzi wa njia, aliyekuwepo, anasema hapo ndipo alipomwona Mama Mawingu akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kesho yake aliingia zamu kama kawaida, na wingu la kwanza lilipotanda, chai yake ilipoa mezani kama kawaida.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kazi. Daktari alipoanza kuzungukazunguka kwa maneno alimkatiza: "Daktari, usinipambie. Niambie ilivyo." Akaambiwa. Alisafishwa damu kwa miaka karibu mitatu, na hakuficha kwamba kila safari ya kwenda kwenye mashine ilimtisha. Binti yake mkubwa alimshika mkono njia nzima, wakabishana kuhusu bei ya nyanya ili wasiongelee kingine.

Alilazwa mwishoni mwa Mei. Siku ya mwisho shemeji alimuuliza, "Unaogopa?"

"Sana. Wewe je?"

"Mimi zaidi."

"Basi sogea," akasema, akampisha nusu ya kitanda. Wauguzi waliwakuta hivyo, na hawakumwambia ashuke. Alifariki hapo asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka sitini na mitano.

Ameacha mume, mabinti wawili na kijana mmoja, wajukuu wanne, kaka mmoja, wadogo zake watatu, wakwe, mashemeji, na wenzake wa uwanja wa ndege, baadhi yao wako zamu saa hii na wametuomba tuwasamehe.

Mungu ampokee dada yetu na ampe usingizi mwema. Amepumzika.