Topchubay Mgawa Maji na Karatasi Iliyokosa Saini Moja

Assalamu alaikum. Wazee wetu, kina mama mlio ndani ya hema pamoja na shemeji yangu Batmakan, majirani, wageni mliotoka mbali, na wewe Mheshimiwa Kanali Shabdanov uliyekaa kiti cha mbele na shada lako la maua, naitwa Orozaly, mimi ndiye mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kabla hatujampeleka makaburini baada ya sala ya adhuhuri. Nimekuwa dereva wa lori miaka thelathini na moja, kusoma mbele za watu sijazoea, kwa hiyo nitakapokosea mniwie radhi, na nitakapokasirika msiniwie radhi, kwa sababu nitakuwa nimekusudia.

Marehemu Topchubay Mamasaliyev alizaliwa tarehe 17 Machi 1960 hapa Kok-Oruk, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Mamasaly, mchunga kondoo wa shamba la ushirika, na Mama Saadat. Wakati huo mpaka huu mnaouona na nyaya zake haukuwepo ila kwenye ramani ya mtu fulani aliyekaa mbali, sisi Wakirgizi wa Kok-Oruk na Watajiki wa Zardoluzor tulikuwa shamba moja, mfereji mmoja, na aprikoti zetu zilianikwa juu ya mapaa ya kule na ya huku bila mtu kuuliza ni za taifa gani.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwezi Septemba 1967, na kwa kuwa shule yetu iliishia darasa la saba, mwaka 1974 alihamia shule ya Zardoluzor, akawa anakwenda kwa miguu kila siku kwa miaka mitatu, na huko alikaa dawati moja na Hoshim, mtoto wa seremala, akajifunza Kitajiki mpaka marehemu mama yetu akalalamika kwamba mwanawe anaota kwa lugha asiyoielewa. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha umwagiliaji mjini Osh, akahitimu mwezi Juni 1979, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akaitwa jeshini.

Kuanzia Februari 1980 hadi Novemba 1981 alikuwa Afghanistan, mkalimani wa kikosi cha vifaru, kwa sababu Kitajiki chake kilielewana na lugha ya watu wa kule. Kuhusu vita hivyo alitusimulia kisa kimoja tu, nami nakisoma kama alivyokuwa akikisema, kwa kuwa mkikikosa hiki hamtamwelewa. Walikuwa katika jeshi lililosemwa kuwa halina mpinzani duniani, mizinga yao ilikuwa inabomoa ukuta wowote kwa dakika moja, lakini lori la maji lilitumbukia bondeni, siku ya tatu askari wakawa wanakunywa maji ya rejeta, mkuu wao akaamuru kisima cha kijiji kitwaliwe kwa nguvu, kikatwaliwa, na kulipopambazuka wakakuta ndani yake punda aliyeoza. Kijiji kilichofuata mkuu alimtuma Topchubay peke yake, bila bunduki, na pakiti ya majani ya chai, akakaa na wazee mpaka alasiri, wakatoka na ndoo za maji. Kaka yangu alikuwa akimaliza hivi, "Kisima tulikiteka, maji tukayakosa," na ukimuuliza zaidi anainuka kwenda kulisha kuku.

Tarehe 1 Aprili 1982 aliajiriwa kuwa mgawa maji wa mfereji wetu, na mwaka uliofuata Hoshim akaajiriwa kazi hiyohiyo upande wa Zardoluzor, na nchi yetu moja ilipovunjika mwaka 1991, huku na kule zikawa nchi mbili na kila upande ukapewa bendera yake, lango la maji lilibaki pale lilipo, katikati, gurudumu lake zito kiasi kwamba mtu mmoja halizungushi. Basi kila tarehe mosi Aprili, kwa miaka thelathini na mitano, wawili hao walikaa langoni na birika, maji hayatajwi mpaka bakuli la pili liishe, na wote hapa mnajua adabu ya chai yetu, kwamba bakuli hujazwa nusu ili mgeni abaki uzidi kummiminia, na ukimpa lililojaa mpaka ukingoni umemwambia anywe aende kwao. Mwaka 2000, ule wa ukame, nilikuwepo, walitukanana tangu asubuhi hadi jioni, Hoshim akamwambia, "Topchubay, wewe una roho ya ngamia mwenye jino bovu," kaka akamjibu, "Na wewe hesabu zako ni za mwizi wa kuku, leta bakuli," akamiminia nusu, na maji yaligawanywa, na hakuna shamba lililokauka huku wala kule. Miaka yote hiyo hapakuwa na askari hata mmoja pale langoni, na hapakuwa na maiti.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Batmakan, binti wa Mzee Tolonbay, na siku ya harusi Hoshim alimwambia bibi harusi, "Shemeji, huyu nimekuazima tu, kila Aprili namrudisha mferejini." Walijaliwa watoto watatu, Uulkan aliyezaliwa 1984, Adyl 1987 na Zhyparkul 1992, na wajukuu saba, ambao mdogo wao tangu juzi anauliza kwa nini babu analala mchana.

Mwezi Machi 2015 marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya moyo, akatibiwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya Zardoluzor, kilomita kumi na moja kutoka mlango huu, ambako Daktari Nigora alimpa dawa na kumwonya kwamba siku moyo ukimbana afikishwe pale ndani ya saa moja. Kilomita kumi na moja hazikuwa tatizo, hata kwa gari langu bovu ni dakika ishirini, na hospitali ya mkoa wetu iko kilomita tisini na sita, kwa njia ya kuzunguka mlima.

Mwezi Novemba 2016 akaletwa Kanali Shabdanov kutulinda. Sikatai kwamba alikuja na vitu, alijenga mnara wa ulinzi, akaleta magari mawili ya deraya, yale ya vita ambayo risasi haipenyi, wakati gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limelala bila injini nyuma ya zahanati, na kuku wa muuguzi wanataga ndani yake. Tarehe 14 Juni 2017 akasimamisha nguzo yenye kamera palepale langoni, ikitazama nyua za wenzetu, mahali ambapo kina mama wao wanafulia, bila kumwambia mtu, na kaka yangu alimfuata akamwambia, "Mwanangu, nipe siku moja nikazungumze nao," akajibiwa, "Mzee, nchi yenye nguvu haiombi ruhusa." Saa tano yalianza mawe, saa saba risasi, na jioni zilikuwa zimeteketea nyumba tisa kwetu na kumi na moja kwao, na Nurlan mtoto wa mwalimu, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amekufa, na kule pia walikufa wawili. Wakubwa wa miji mikuu walizungumza kwa simu siku nne. Topchubay na Hoshim walikutana siku iliyofuata langoni, nguo zao zikinuka moshi, wakakubaliana kwa saa mbili kwamba kamera ishuke na vijana warudi nyuma, na ikawa hivyo. Nishani alipewa Kanali.

Baada ya hapo barabara ya kwenda hospitali ilifungwa kwa kizuizi, na hapo ndipo ilipozaliwa karatasi ninayotaka muijue. Ni ukurasa mmoja. Kaka yangu na Hoshim waliuandika kwa lugha zote mbili, unasema kwamba mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mtu anayekwenda kuzika watapita kizuizini saa yoyote, bila silaha, mbele ya wazee wawili kutoka kila upande. Wazee wetu wawili walisaini tarehe 2 Septemba 2017, wazee wao wawili walisaini siku hiyohiyo, mkuu wa askari wa upande wao alisaini tarehe 20, zikawa saini tano, na mstari wa sita ulikuwa wa Kanali Shabdanov.

Marehemu alikwenda ofisini kwake mara tisa, mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha. Mara ya kwanza aliambiwa, "Anayetangulia kusaini ndiye mnyonge," akaonyesha kwamba wenzetu wamekwisha kusaini, na mara ya pili akaambiwa, "Wamesaini kwa sababu wanatuogopa, na anayeogopwa hasaini, anangojewa." Mwezi Januari 2018 Asylkan, mke wa jirani yetu, alijifungulia njiani mlimani ndani ya lori langu, mtoto hakuishi, na kaka alirudi na karatasi, na safari hiyo Kanali alimshika mkono akampeleka uani kumwonyesha magari ya deraya, akasema, "Mzee, usalama ndio huu." Kaka yangu aliyatazama vizuri, akayazunguka, alikuwa mtu wa kupenda mashine, halafu akauliza, "Haya yanafika hospitali kwa dakika ngapi?" Kanali alicheka. Nilimsikia, nilikuwa nimesimama na funguo mkononi, na nasikia kicheko kile mpaka leo.

Mauti yalimkuta Jumanne, tarehe 6 Novemba 2018. Saa nne asubuhi alikuwa akitoa majani kwenye wavu wa lango, akashika kifua akakaa chini, nikampakia garini na kumpigia simu Hoshim, na tulipofika kizuizini saa nne na dakika kumi na mbili haikupita robo saa nikamwona Hoshim kwa macho yangu, upande wa pili, hatua mia mbili, ana gari, ana machela, na Daktari Nigora amesimama kwenye tope na mkoba wake. Askari wetu alikuwa kijana mpole, alikuwa analia, alisema, "Mjomba, sina amri," akapiga simu juu, na juu wakasema Kanali ana wageni, wanakagua gari la tatu la deraya, tusubiri. Tulisubiri dakika arobaini. Kaka yangu aliweza kumwona daktari wake kupitia kioo cha mbele, akampungia mkono, ndivyo alivyokuwa. Kisha jibu likaja, neno moja, "Zungukeni."

Tulizunguka. Mlimani kulikuwa na theluji, na katika kilomita ya sitini na moja, karibu na zizi la zamani la kondoo, alisema, "Orozaly, punguza mwendo, utatuangusha," nikapunguza, na nilipomgeukia alikuwa amekwisha kwenda, akiwa na miaka hamsini na minane. Wanaosema ni mapenzi ya Mungu ni kweli, kila kitu ni mapenzi yake, lakini kile kizuizi sikumwona Mungu akikishikilia. Kaka yangu hakuuawa na maadui tunaolindwa dhidi yao. Maadui walikuwa wamesimama kwenye tope na machela.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa Daktari Nigora na wauguzi wake waliomtibu tangu mwaka 2015, kwa majirani wote wa Kok-Oruk mliochinja, mliopika na mliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda, kwa wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na kwa yule kijana wa kizuizini aliyelia, ambaye nasikia ameadhibiwa kukaa ndani siku tano. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Hoshim, aliyefanya kazi na marehemu miaka thelathini na mitano. Angepaswa kuwa hapa, awe miongoni mwa wanaomtia udongo, lakini tangu alfajiri amesimama pale kizuizini na watu ishirini na watatu wa Zardoluzor, na ukitoka nje ya hema hili utawaona.

Nimekaribia mwisho. Asubuhi hii kila mgeni aliyeingia amepewa chai na wakwe zetu, nusu bakuli, kama inavyostahili. Bakuli lililo mbele yako, Mheshimiwa Kanali, nimelimimina mimi mwenyewe, na umeona limejaa mpaka linamwagika kwenye kitambaa, na umekuwa ukilitazama muda wote huu bila kuligusa, kwa hiyo najua umelielewa. Chini ya sahani yake kuna karatasi. Niliitoa kwenye koti la marehemu, ina saini tano, imekunjika kidogo pale alipojishika kifua, na kalamu iko pembeni. Kaka yangu angekumiminia nusu hata leo, mara ya kumi, na kukuuliza habari za watoto wako, mimi si yeye, lakini nilimwahidi mama yetu kwamba nitafuata nyayo zake, basi nakwambia hivi, saini, nami nitalimwaga bakuli hilo mbele ya watu wote na kukumiminia nusu, na Hoshim atatembea hatua mia mbili kuja kumzika rafiki yake. Usiposaini, kunywa uende. Adhuhuri bado dakika ishirini.

Nenda salama, Topchubay wetu, upumzike kwa amani ile uliyotuombea huku mara tisa ukanyimwa.