Mama wa Kwenye Picha Avalishwe Viatu

Benchi lenyewe ni langu, tuanzie hapo, maana kuna watu wakishakalia kitu miaka mitatu wanadhani wamekirithi. Nililigongelea kwa mbao za makreti, nikaliweka mbele ya banda langu la baiskeli hapa Majengo, ili mteja apate pa kukaa nikimzibia pancha. Mteja hajawahi kupata nafasi. Amelikalia Mzee Makarius, tunayemwita Kamati, kwa sababu tangu enzi za ujamaa haijaundwa kamati mjini hapa, iwe ya harusi, ya shule au ya kisima, yeye akakosa kiti. Amelikalia Salum wa Tunduru, mnunuzi wa korosho, jina la kijiweni Redio Mbao, maana habari akiipata asubuhi, ikifika adhuhuri imeshaota ndevu. Na amelikalia Edmund, yaani Brashi, mchora mabango ya maduka, ambaye tangu biashara iwe huria na makampuni ya soda yaanze kuleta mabati yaliyochorwa tayari kutoka Dar, ana muda mwingi wa kukaa. Daimu huja na birika lake la kahawa, anasimama, kwa kuwa nafasi imekwisha. Mwaka ulikuwa tisini na nne, na siku hiyo nilipandwa na hasira kabla hata kikombe cha kwanza hakijamiminwa.

Chanzo kilikuwa picha. Wanafunzi wa sekondari walichora picha juu ya ubao mkubwa, kimo cha mlango, wakaupa mji bure kabisa, itundikwe stendi ya mabasi. Mama yuko barabarani, kikapu kichwani, nyuma yake milima ya Matogoro. Basi. Ubao ukaegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya wakubwa, wiki nzima watu tukawa tunapita kuutazama, huku Kamati ya Sura ya Mji (ipo, msicheke) ikikaa vikao kuamua ipokee au isipokee. Kitu cha bure, vikao!

Redio Mbao alifika akihema.

— Wameikubali, — akasema. — Ila kwa sharti.

— Sharti gani tena?

— Mama avalishwe viatu.

Spana ikaniponyoka.

— Mama gani?

— Wa kwenye picha! Si yuko pekupeku? Kamati imesema wawekezaji wakishuka stendi, kitu cha kwanza kuona ni mguu mtupu, watapanda basi lile lile warudi. Wanafunzi wameambiwa wampake viatu, wamekataa. Mwalimu wao, yule Beda, amesema mkiitaka ichukueni ilivyo. Sasa wakubwa wanatafuta fundi wa mtaani. Viatu visipopakwa leo, kesho picha inarudishwa shuleni.

— Ala! — nikasema. — Zawadi mtu anakuletea, wewe unaitafutia kasoro? Hata jogoo wa zawadi unamkataa kwa sababu hajavaa soksi?

Mzee Kamati alikuwa amenuna kuliko wote, na sababu yake tuliijua. Hii ndiyo kamati ya kwanza kuundwa bila yeye.

— Kwanza uamuzi huo ni batili, — akasema. — Akidi haikutimia. Mimi sikuwepo.

— Hukualikwa, mzee.

— Ndiyo maana haikutimia. Na wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sasa mkimvisha huyu mama viatu, dole atajikwaa wapi? Mnataka ajikwae ulimi?

Daimu akamimina kahawa kwa uangalifu, hakutaka kuingilia mambo ya wahenga.

— Mnabishana miguu, — Redio Mbao akasema, — na siri iko juu. Nani ameangalia kile kikapu? Kuna kitu cheusi kinachungulia kwenye mboga. Mmekiona?

Tulikiona, kweli. Katikati ya majani ya maboga palikuwa na kitu kimoja cheusi, kinang'aa, kimechomoza kidogo.

— Kambale, — Redio Mbao akasema. — Usione vyaelea, vimeundwa. Kambale wa magendo kutoka Nyasa, na kuna mkubwa mmoja anahusika, sitamtaja. Wakaona picha itamuumbua. Wakasema watu waangalie viatu, wasiangalie samaki.

— Kambale gani ana ncha? — Mzee Kamati akaguna. — Ule ni mkia wa jogoo mweusi. Mnajua jogoo mweusi ni wa nini. Hapo pana mtu alitaka kiti cha udiwani.

— Mzee, wasichana wa kidato cha tatu wachore kafara?

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ndiyo wapi?

— Kule kule Nyasa, Mbamba Bay. Kunywa kahawa yako.

Mimi nilikuwa nimeshafura. Nikawaambia waache kikapu, waangalie nani atakayefaidika. Nani anauza viatu mji huu siku hizi? Wenye marobota ya mitumba! Kila kona ruksa, kila kona robota. Leo wanamvisha mama wa kwenye picha, kesho inatoka amri kila anayekanyaga stendi awe na viatu, keshokutwa mimi na wewe tunagombania raba iliyokwisha kisigino aliyoitupa mtu Ulaya.

— Wewe unaona karibu! — Redio Mbao akaruka. Hakubali kuzidiwa, huyu. — Hili ni sharti la wafadhili! Sikilizeni. Sharti la kwanza, shusheni shilingi. Tukashusha. La pili, punguzeni wafanyakazi. Wakapunguza, ndugu yangu Abuu yuko nyumbani anahesabu mbu. La tatu ndilo hili. Nchi yenye miguu mitupu haikopeshwi! Na kile cheusi nimeshaelewa sasa, si kambale. Ni simu. Zile zisizo na waya, ziko Dar tayari. Mwekezaji anakuja kuziuza huku, wamemtangulizia tangazo ndani ya kikapu!

— Si ulisema mkubwa anaficha samaki?

— Hilo lilikuwa saa ile.

Tukapiga kelele mpaka mama wa duka la pili akafunga dirisha. Na katika kelele zote hizo, Brashi hakusema kitu. Mtu ambaye siku nyingine hata herufi moja iliyopinda kwenye bango la kinyozi inamkosesha usingizi, siku hiyo alikuwa anazungusha kikombe kitupu. Mara moja tu alisema kile cheusi kimechanganywa na bluu kidogo ndiyo maana kinang'aa, kazi nzuri ya mkono, akanyamaza.

Nikainama kuokota spana yangu chini ya benchi. Nikashika kopo. Kopo jipya la rangi nyeusi, na juu yake brashi nyembamba imefungwa kwa gazeti.

— Edmund, — nikasema. Jina lake halisi huwa simwiti ila kwenye misiba. — Hiki ni nini?

— Kopo.

— La nini?

— Kaka, waliniita jana jioni.

Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ilikuwa benchini mwako. Nilimwaga maneno ambayo siwezi kuyarudia. Tumekaa hapa tunawalaani waliouza miguu ya mama wa watu, na mwuzaji anakula kashata pamoja nasi!

— Mnaongea tu, — Brashi akasema. — Bango la mwisho nililichora wakati wa Kwaresma. Mke wangu Walburga anauza chumvi ya kupima kwa kijiko ili watoto wale. Mimi nisipopaka, picha inarudi, itaoza stoo ya shule na hakuna atakayeiona. Nikipaka, inatundikwa. Viatu viwili tu! Nani ataumia?

— Mimi.

Tuligeuka wote. Mama mmoja alikuwa amesimama karibu na gurudumu nililoliegemeza, kikapu kichwani, khanga imefungwa vizuri, jasho la njia ndefu usoni. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Nauliza ofisi ya wakubwa wa mji. Naitwa Kunegunda, natoka kule mashambani mbele ya Bombambili. Mwanangu Careen yuko sekondari, amenitumia salamu kwamba ile picha yangu wanataka kuiharibu. Sasa nimesikia hapa. Ni wewe, mdogo wangu, uliyeitwa kupaka rangi?

Brashi akainamisha kichwa. Mzee Kamati akasafisha koo kama mwenyekiti, akampisha nafasi kwenye benchi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja wangu hata mmoja.

— Mlongo wangu, dada yangu, — akamwambia, — keti. Tuko upande wako. Miguu yako mitupu ni heshima yetu. Tutaipigania hadi kikao cha mwisho!

— Miguu mitupu? — mama akauliza.

Ndipo tukaitazama. Alikuwa amevaa viatu. Vyeusi, vya ngozi, kisigino kifupi, vimepakwa mafuta vikang'aa. Na juu ya viatu, vifundo vya miguu vilikuwa bado vimelowa maji.

Redio Mbao ndiye aliyewahi kuuliza.

— Mama, mbona una viatu?

— Si niko mjini?

— Lakini kwenye picha huna!

— Kwenye picha niko njiani, baba. Sijafika.

Alisema hivyo hivyo, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Nami nikahisi uso wote unapata moto. Maana nani asiyejua? Mimi nilitoka kijijini Madaba kwenda shule ya misheni nimening'iniza viatu shingoni, kamba kwa kamba, nikaosha miguu kijitoni, nikavaa pale paa la kanisa lilipoonekana. Ngozi ile ilikuwa ya Jumapili, haikuwa ya kuliwa na kokoto. Mzee Kamati alikuja mjini hivyo hivyo. Salum naye, kutoka Tunduru, mara ngapi ametuhadithia. Wiki nzima tumesimama mbele ya ubao ule tunaona kambale, tunaona jogoo, tunaona simu.

— Careen ndiye aliyevichora, — Mama Kunegunda akaendelea, na sasa hasira ilikuwa imeanza kumpanda. — Nilimwambia, mwanangu, usivisahau viatu vyangu. Nimevinunua kwa njegere za misimu miwili. Akachora kisigino kinachungulia kwenye majani, kama ninavyoviweka siku zote. Tukacheka pale nyumbani. Nikasema mji mzima utajua Kunegunda ana viatu. Kumbe mji mzima umenihurumia! Wiki nzima mnanihurumia!

Akatutazama mmoja mmoja.

— Hao wakubwa wanaona aibu nami. Nyinyi mnapigana kwa ajili yangu. Hata mmoja wenu hakutambua nimebeba nini.

— Mama, tusamehe, — nikasema. — Tulidhani...

— Mlidhani sina.

Akasogea, akachukua kopo mkononi mwangu, akalitazama, akamrudishia Brashi kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni chakula. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

— Kazi ni kazi, mdogo wangu, nami nina watoto. Sikukatazi. Ila nataka uniambie kitu kimoja kabla hujaenda kuipaka, na hata hao wa ofisini nakwenda kuwauliza hicho hicho. Ukishanivisha viatu miguuni, vile vya kichwani vitakuwa vya nani?

Brashi akamtazama Mzee Kamati. Mzee Kamati akafungua mdomo, na mimi nikajua anautafuta msemo, maana mkono wake ulikuwa umeshapanda hewani. Mkono ukashuka peke yake. Redio Mbao akamnyooshea Daimu kikombe.

Daimu akainamisha birika, akalitikisa. Likatoa machicha.

— Imekwisha, — akasema.

Mama Kunegunda akaweka kikapu chake sawa, akauliza tena ofisi iko upande gani. Brashi akasimama.

— Twende nikupeleke, mama, — akasema. — Wakiniuliza viatu viko wapi, nitawaonyesha.

Wakaondoka, mama mbele na viatu vyake vinavyogonga barabara, Brashi nyuma, mikono mitupu. Kopo alikuwa amelirudisha chini ya benchi langu.